Vibao vya Majina vya Mwalimu Grégoire Kakule (1951–2025)

Mwalimu Grégoire Kakule alizaliwa Butembo tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa muzee Kamate na mama Kahindo, wakulima wa vitunguu. Alisoma hapo hapo, na mwaka 1975 kanisa likampeleka Ubelgiji kusomea Biblia. Huko alipotelea kwa Wasumeri na Wababeli, watu wa kale wa nchi ambayo leo ni Iraki, walioandika kwa kukandamiza kijiti kwenye udongo mbichi. Alirudi 1981 bila upadri, ila na sanduku zito la vitabu.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Micheline Bulonza wa Bukavu, wakaishi Katindo, mjini Goma. Alifundisha historia miaka thelathini. Kila Jumamosi aliwakaribisha nyumbani wanafunzi, wauza makala ya kupikia na wake za askari, akawasimulia kwa Kiswahili habari za miji ile na kuwaandikia majina yao kwenye udongo. Goma ni mawe ya volkano, hivyo udongo uliletwa kutoka Masisi, na vibao vilikaushwa kwenye mbabula, jiko la makala, huku maharage yakisubiri. "Papa Charline," mkewe alimuuliza siku moja, akimwita kwa jina la binti yao, "leo tutakula majina?" Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini.

Julai 1994, wakimbizi wa vita vya nchi jirani walipojaa kambi ya Kibumba, nje ya mji, na kipindupindu kikawamaliza, alikwenda kusaidia, akakuta watu wanazikwa ndani ya mikeka bila jina. Aliwaambia jamaa zao kwamba Wababeli waliwaita marehemu wao kwa majina na kuwamwagia maji. Jamaa walitaka majina yaandikwe, lakini waliogopa orodha, maana kwao orodha za majina zilikuwa zimeua watu. Basi akayaandika kwa alama ambazo hakuna askari angezisoma, vibao 312. Kila Julai alivitoa uani, akavisoma kwa sauti na kumwaga maji.

Alama hizo alizirekebisha mwenyewe zibebe majina ya huku, na siri yake hakutaka kuiacha kwenye daftari. Alitaka kumwachia Charline, bintiye mkubwa, anayewasomea maneno haya. Akiwa na miaka saba Charline aliweza kuandika jina lake. Alipokua aliona haya. "Papa, hii itanipatia kazi gani?"

"Kazi hapana, mama. Ni kusudi mutu aendelee kuwaita wale wa Kibumba."

Charline aliahidi likizo ijayo. Likizo zilikuja, zikapita.

Kisukari kilianza kumla Mwalimu macho mwaka 2017, mwaka aliofiwa na mkewe. Vita vilipoingia mjini Januari 2025, Charline alibeba magodoro, baba akabeba kapu la vibao akipapasa njia. Septemba figo zilishindwa. Charline alifika hospitalini na kalamu, tayari kujifunza, akakuta baba hasemi tena. Baba alimshika mkono, akamkandamiza kidole kiganjani mara nyingi, polepole. Charline hakuelewa hata alama moja. Mwalimu alifariki tarehe 21 Septemba 2025.

Ameacha watoto wawili, Charline na Benny, wajukuu watano, dada yake Valérie, na watu 312 wa Kibumba ambao hawana tena wa kuwasoma.

Kibao kilicho juu ya jeneza alikifinyanga mwenyewe. Alisema mutu haandiki jina lake la kaburini, huandikiwa na aliyebaki. Kimebaki kitupu, maana Charline anajua kuandika jina moja tu, nalo ni lake mwenyewe.

Maji yapo. Mwalimu Grégoire Kakule apumzike kwa amani, na atusamehe.