Bi Sichana, Draya na Dirisha la Karne ya Kumi na Tisa

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, saa kumi alasiri, Bi Sichana Jaku Shaame atavua aproni ya Hoteli ya Mkadi kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa, miezi mitatu na siku kadhaa ambazo Ofisi ya Utumishi bado inazibishania. Kamati ya sherehe imemwomba mwandishi wa maelezo haya, Amjad Darwesh wa Idara ya Ununuzi, ajaze ukurasa mmoja wa ratiba. Ukurasa mmoja hautoshi, na kamati imeshaarifiwa.

Bi Sichana ni mzaliwa wa Tumbatu aliyekulia Mkokotoni, hapa Unguja. Aliajiriwa Machi 1996 kwa cheo cha Dobi Daraja la Pili. Daraja la Kwanza halikuwapo. Inasemekana liliachwa wazi ili wafanyakazi wawe na kitu cha kutazamia.

Kwa miaka kumi na tano shuka za hoteli zilianikwa juu ya paa. Jua lilikausha na upepo ulinyoosha, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuomba likizo. Mwaka 2011 Menejimenti iligundua kwamba wageni hupenda kulitazama jua likizama, ila hawapendi kulitazama kupitia foronya. Paa likawa mgahawa. Kufulia kukateremshwa hadi chumba cha chini kisicho na dirisha, na humo ikaletwa draya, mashine ya umeme ya kukaushia nguo, iliyotumika kabla yetu katika hoteli nyingine ambayo haikutaka kueleza kwa nini inaiuza. Ilikuja na kitabu cha maelekezo kwa Kitaliano. Menejimenti ilikifungia ndani ya sefu kisipotee, nacho hakijapotea mpaka leo.

Bi Sichana hakukisubiri kitabu. Alijifunza mashine kwa sikio: mkanda unaokaribia kukatika una sauti yake, na gurudumu lililokauka lina yake. Alikwenda kwa fundi redio mmoja wa Mlandege, Ijumaa sita mfululizo, akafundishwa kutumia mita ya kupimia umeme. Tangu hapo alibadilisha mikanda, magurudumu ya pipa, na swichi ya mlango mara mbili. Kwa kuwa kanuni za hoteli haziruhusu dobi kutengeneza mashine, daftari la matengenezo linaonyesha kwamba katika miaka kumi na miwili ya mwanzo draya ilipata nafuu yenyewe mara thelathini na nne.

Haki itendeke pia kwa Idara ya Ununuzi, ambayo ilimsaidia kadiri ya uwezo wake. Mwaka 2014 alijaza fomu akiomba mkanda wa draya. Fomu ilipita kwenye saini tano, na wiki tatu baadaye mwandishi wa maelezo haya alimkabidhi mkanda wa suruali, ngozi halisi, wenye bizimu ya shaba. Bi Sichana aliupokea, akashukuru, akatia saini. Umo stoo hadi sasa, umeandikwa "kipuri cha akiba".

Lakini jambo ambalo kila mfanyakazi wa Mkadi humkumbukia Bi Sichana ni la Mei 2023.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito, na hoteli ilijaa wageni wa kongamano la wataalamu wa majengo ya kale. Katikati ya wiki ya kwanza ya mwezi draya ikawa inazunguka bila joto. Shuka ziliingia mbichi, zikazunguka saa nzima, zikatoka mbichi. Mgeni mmoja alilalamika kwamba amelala juu ya kitu kama samaki.

Bi Sichana alipima. Umeme ulikuwa unafika, mlango ulikuwa unafunga sawasawa, pipa lilikuwa linazunguka. Akafungua mgongo wa mashine akaikuta fyuzi ya joto imekufa, ile ndogo inayokata umeme pale mashine inapopata moto kupita kiasi. Akapata nyingine sokoni Darajani, akaifunga, joto likarudi. Siku mbili baadaye fyuzi ikafa tena, na safari hii ikaondoka na hita, kile kifaa kinachotoa joto lenyewe.

Meneja Mkuu wa wakati ule, Bwana Nadir, aliona hapo dalili ya tatizo kubwa zaidi, yaani dobi kushika bisibisi. Aliita mtaalamu kutoka Bara. Mtaalamu alikaa nasi dakika arubaini, thelathini kati ya hizo kwenye kahawa. Ripoti yake ya kurasa kumi na mbili ilisema ubao wa umeme wa mashine umekufa, mwingine utapatikana Ulaya baada ya wiki nane, na chanzo ni uchakavu na "kutojua kwa mtumiaji". Ilipendekeza nguo zipelekwe kwa kampuni ya kufulia nje ya mji. Menejimenti iliipenda ripoti ile kiasi cha kuiongezea pendekezo lake: ikiwa nguo zinafuliwa nje, chumba cha kufulia kifungwe, na wanawake watano waliomo wapewe barua za kusitishiwa kazi. Kikao cha kupitisha kikapangwa Jumatatu.

Bi Sichana alipewa habari hizo Alhamisi mchana. Alimuuliza mwenzake Khairat, mama wa watoto wanne ambaye alikuwa ameanza kulia, kama ni kweli kwamba shangazi yake wa Mtoni anayo draya mbovu. Khairat akasema anayo, ya kampuni ileile na ukubwa uleule, ila si draya tena, ni kabati.

Ijumaa baada ya Sala wakaenda Mtoni. Kanuni inataka Ofisa Ununuzi awepo kila kipuri kinaponunuliwa, kwa hiyo mwandishi wa maelezo haya naye alikwenda na fomu yake. Shangazi, Bi Biasha, aliifungua draya yake kwa fahari. Ndani ya pipa mlikuwa na magauni ya arusi, udi, na khanga ambazo hazijawahi kukatwa. Alisema panya hawaingii na watoto hawajui kuifungua. Hakutaka kuuza. Bi Sichana akakaa naye kitako zaidi ya saa nzima, akamweleza kwamba hita na fyuzi zimo mgongoni na kwamba mlango utaendelea kufunga kama kawaida. Hakumwomba huruma. Alimweleza tu kwamba Khairat ni mmoja wa wale watano.

Bi Biasha akamtazama mpwa wake, akasogeza kiti. "Haya, toa utumbo," akasema, "tumbo niachie."

Fomu ilidai majina ya wauzaji watatu walioshindanishwa. Bi Biasha akajitaja yeye, marehemu mumewe, na paka. Yamo kwenye faili.

Mtu mwingine angerudi akafunga hita siku ileile. Bi Sichana aliiweka juu ya meza akaitazama. Alimwambia Khairat kwamba fyuzi haifi mara mbili bila sababu: joto limekosa pa kutokea. Walisafisha chujio, wakavuta bomba la hewa nyuma ya mashine, likatoka limejaa manyoya ya pamba hadi ukutani. Ng'ambo ya ukuta ule ni uchochoro wa Kona ya Kahawa ya Asili, mahali ambapo wafanyakazi wenye aproni hawaruhusiwi kupita wageni wakiwapo. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri, baada ya kusali, Bi Sichana alitoka nje akazunguka nyumba kuitazama hoteli kwa upande wa wageni, kwa mara ya kwanza katika miaka kadhaa.

Pale bomba lilipotakiwa kutokea palikuwa na dirisha zuri la mbao, lenye nakshi za maua na kibao cha shaba kilichosema: "Dirisha la Karne ya Kumi na Tisa". Mtembeza wageni wetu alikuwa akieleza kwamba binti wa tajiri alikuwa akinong'ona humo. Wataalamu wa majengo ya kale walikuwa wamelipiga picha wiki nzima. Dirisha lile lilikuwa na umri wa miezi mitatu. Liliagizwa na ofisa mmoja baada ya wageni kulalamika kwamba ukuta unawapulizia hewa ya moto na pamba kwenye vikombe, na nyuma yake seremala alikuwa ametia ubao mzima na gundi, pasivuje hata pumzi.

Jumatatu kikao kilipofika kwenye ajenda ya tatu, Bi Sichana alibisha hodi, akaingia na kikapu. Akakimimina juu ya meza, manyoya ya pamba ya miezi mitatu, karibu ya kutosha mto. Akaeleza kwa utaratibu: hewa haitoki, joto linarudi, fyuzi inakufa, hita inafuata. Ubao wa umeme ni mzima. Akaomba siku moja.

Bwana Nadir akauliza ni nani aliyeziba.

"Bwana, mie nimekuja kusema kilichoziba," Bi Sichana akajibu. "Aliyeziba anajijua, na draya haimhitaji."

Hapa mwandishi wa maelezo haya hawezi kuendelea kujiita mwandishi wa maelezo haya. Ofisa yule ni mimi. Dirisha niliagiza mimi na saini ni yangu. Zile barua tano za kusitisha kazi nilikuwa nimeziandika mimi pia, kwa kuwa ndimi katibu wa vikao, zimo ndani ya faili mbele yangu pale mezani, na ya kwanza ilikuwa na jina lake. Bi Sichana alikuwa ameiona saini ya dirisha kwa seremala tangu Jumamosi. Niliandika kwamba amepewa siku moja, nikaendelea kuandika mpaka kikao kikaisha. Sijawahi kuandika kikao kizuri namna ile kwenye kumbukumbu, na sijawahi kuona aibu namna ile.

Jioni nilishuka chumba cha kufulia. Hita ilishafungwa, mashine inazunguka, chumba kina joto na harufu ya sabuni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikaanza hotuba niliyoitayarisha. Akanipa ncha mbili za shuka.

"Shika, mwanangu, tukunje," akasema. "Nnataka kuwahi nyumbani."

Tulikunja shuka arubaini. Barua nilizichana kesho yake, na chumba cha kufulia hakijatajwa tena kikaoni.

Dirisha, kwa bahati mbaya, halikuweza kuondolewa, kwa kuwa taarifa ya kongamano ilikuwa imeshalisifu. Seremala aliondoa ubao wa nyuma na kutoboa nakshi, hewa ikapita. Mtembeza wageni sasa huwaeleza kwamba joto lile ni pumzi za binti wa tajiri. Wageni huweka mikono na kufumba macho.

Tangu mwaka ule, kila Alhamisi alasiri, Bi Sichana amewafungulia wenzake mgongo wa draya. Leo Khairat na wengine watatu wanajua kupima, na ukutani pametundikwa daftari la Kiswahili kwa mwandiko wake. Ukurasa wa kwanza una mistari miwili: safisha chujio kila siku, kisha toka nje ukatazame hewa inatokea wapi.

Rasimu ya maelezo haya alipelekewa nyumbani kwake Chukwani aikubali. Aliirudisha akiwa amekata sehemu moja tu, ile ya saini na barua, na pembeni ameandika, "Haya yalishakwisha." Nimeirudisha sehemu hiyo. Namwomba radhi kwa kumkatalia.

Inabaki habari moja njema. Wiki iliyopita Bodi ilipitisha kwa kauli moja kwamba Bi Sichana Jaku Shaame apandishwe kutoka Dobi Daraja la Pili kuwa Fundi Mkuu wa Mashine, kuanzia tarehe 1 Julai 2025, yaani siku moja baada ya kustaafu. Alipokabidhiwa barua aliisoma yote, akaikunja mara nne kama foronya, akauliza kama cheo hicho kina maana kwamba Jumanne aje kazini.

Bi Sichana, kwa niaba ya wote wa Mkadi, na kwa niaba yangu mwenyewe, ahsante. Mwenyezi Mungu akupe afya, wajukuu watulivu na usingizi wa mchana. Jumanne usije.