Nyuso Zilizomo Kwenye Kopo la Halua

Kaeni karibu, wanangu, Eivind kulia kwangu na Torunn kushoto, ufungeni mlango mchanga usituingilie, mnisikilize kabla sauti haijanitoka. Msilie. Mimi mwenyewe silii. Mwili huu umekuwa kama mguu uliokufa ganzi, naugusa sisikii kitu, na moyo nao ni vivyo hivyo.

Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nilicheza ugenini. Nilitoka Norwei na baba yenu aliyekuja kuchimba visima, nikabaki hapa jangwani Bidiya na kamera yangu, na Wabedui wa mchanga huu wakanitunza. Baba yenu alipokufa, nilitoka alfajiri kwenda kupiga picha vilima ambavyo upepo ulikuwa umevihamisha. Eivind, hilo hujanisamehe, wala sikulazimishi. Kila mtu ana pahali pake pa kuuweka msiba.

Sasa urithi. Picha za vilima, za ngamia kisimani, za choroa na mbweha na nyayo za mende mchangani, hizo uzeni mgawane sawasawa, msigombane; mchanga hauoni haya kutazamwa. Nyumba ni ya kupanga, mrudishieni mwenyewe ufunguo. Lakini lile kopo la halua chini ya kitanda, Eivind, usiliguse.

Najua umekwisha kusema na watu wa makumbusho kule kwetu, wamekuahidi chumba kizima chenye jina langu. Waambie hapana. Mikanda ya picha iliyomo humo ni ya arusi, wanawake wakiwa peke yao hemani, barakoa wamezivua. Rafiki yangu Ghabisha ndiye aliyenifungulia hema lile, akaniambia, "Piga, dada yangu, mpaka uchoke. Lakini jicho la mwanamume likinifikia, kahawa yangu usiinywe tena." Nimeinywa miaka yote hii. Jana alikuja akanimiminia, vidole vyangu havikuusikia moto wa kikombe, naye hakuniuliza neno juu ya kopo. Asiyekuuliza amekuamini, na ahadi ni deni hata kwa mtu asiyehisi tena kitu.

Torunn, lichukue wewe. Usilifungue mbele ya kaka yako. Mpelekee Ghabisha, alitie katika moto wake wa mkate, nawe usimame hapo mpaka vilivyomo viishe.

Utasema, Eivind, kwamba maisha yako yote hujapata kuiona hata picha moja ya mama yako akicheka. Ipo. Ghabisha, siku ya arusi ya mdogo wake, alininyang'anya kamera akanipiga nikicheka mpaka ushungi umenidondoka. Imo humo humo, nawe ni mwanamume. Nilipoweka ahadi ile sikujitoa mimi nje yake. Itaungua pamoja na zao.

Kunizika, nizikeni popote watakapowaruhusu. Theluji au mchanga, kwangu ni mamoja. Mungu awape riziki ya halali, awape na watu wa kuwamiminia kahawa ugenini. Msiachane. Torunn, mwanangu, pandisha pazia kidogo... hapo, basi. Eivind, sogea. Sogea zaidi, sikuoni vizuri. Uso huu haucheki tena, baba, lakini ni wangu. Utazame... utazame utakavyo. Huu hukukatazwa.