Oddlaug Bratthaug, Mwanamke Aliyeikataza Meli Kupita

Mchungaji wetu, wafiwa, majirani, nanyi nyote mliofunga maduka yenu leo Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1978 ili mje kanisani, familia imemwomba Eilert Naustvik, mpwa wa marehemu, awasomee maisha ya shangazi yake, na Eilert anasoma kama familia ilivyoandika, pamoja na pale anapotajwa yeye mwenyewe kwa mambo asiyojivunia, kwa kuwa Jorid, binti wa marehemu, amekataa katakata kufuta hata mstari mmoja.

Marehemu Oddlaug Bratthaug alizaliwa tarehe 3 Machi 1906 hapa Skarvsund, katika nyumba nyekundu iliyo nyuma ya ghala la chumvi, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa seremala wa meli Torger Naustvik na mkewe Petra, wakati ambapo mji huu ulikuwa umebakiwa na meli za matanga kumi na moja tu kati ya arobaini za enzi za babu yake, zile zilizopeleka ng'onda, samaki wetu wa kukaushwa, Bilbao na Havana na kurudi na chumvi, sukari, machungwa, na vigae vya sakafu ambavyo baadhi yenu mnavikanyaga majumbani mwenu hadi leo. Baba yake alimweleza mapema kwamba watu hawakuja kukaa hapa kwa sababu ya mashamba, maana ni mwamba mtupu, wala kwa sababu ya msitu, maana mti mrefu kuliko yote ni mlingoti wa bendera ya mchungaji, bali walikuja kwa sababu meli zilisimama, na siku zitakapoacha kusimama watabaki ndege shakwe peke yao. Marehemu aliyashika maneno hayo kama wengine wanavyoshika katekisimu, na kwa kuwa hatutasema uongo mbele ya jeneza lake, katekisimu yenyewe hakuishika vizuri kiasi hicho.

Alisoma shule ya hapa mjini kuanzia mwaka 1913 hadi 1920, akapata kipaimara Jumapili tarehe 9 Oktoba 1921, na tangu alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, kila kiangazi alifanya kazi miambani pamoja na wanawake wa mji, akianika ng'onda asubuhi na kuwakusanya na kuwafunika kabla mvua haijafika, kazi iliyompa mgongo imara, pua iliyoinusa mvua ingali nyuma ya milima, na sauti ambayo ninyi majirani wa ng'ambo ya mlango wa bahari mnaifahamu bila kuelezwa.

Mwaka 1922 aliajiriwa kuwa karani katika nyumba ya biashara ya mzee Dahlmo, akakaa hapo mpaka nyumba hiyo ilipoanguka mwaka 1926, mwaka ambao wafanyabiashara wetu walianguka mmoja baada ya mwingine na wenye busara wakasema kwamba Skarvsund imekwisha. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kusikia mji wake umekwisha, na kwa hesabu yake mwenyewe aliisikia habari hiyo mara tano, na kila mara aliwauliza walioileta kama wangekunywa kahawa kabla ya kuondoka.

Tarehe 22 Juni 1929 alifunga ndoa katika kanisa hili na Anfinn Bratthaug, wakala wa meli za pwani, mtu mpole aliyeongea kidogo, jambo lililofaa sana kwa kuwa nafasi ya kuongea katika nyumba ile ilikuwa imeshachukuliwa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Torleiv aliyezaliwa mwaka 1931, ambaye sasa ni fundi wa injini melini na ametuma salamu zake kutoka Valparaíso, na Jorid aliyezaliwa mwaka 1934. Tarehe 29 Aprili 1940 ndege za Wajerumani ziliuchoma mji, gati likateketea pamoja na maghala sita, na wiki iliyofuata, wakati wakubwa walipokuwa wakijadili kuwahamisha watu wote bara, meli ya pwani ilitokea ikiwa na unga na mafuta ya taa, ikapunguza mwendo, ikaona hakuna gati, ikataka kugeuza. Marehemu alipiga makasia mwenyewe hadi ubavuni mwa meli, mumewe akiwa ameketi nyuma na hati za mizigo, akamwambia nahodha, "Wewe umetumwa Skarvsund, hukutumwa kwenye mbao. Skarvsund ndiyo sisi hapa. Shusha unga." Unga ukashushwa, gunia baada ya gunia, ndani ya mashua za uvuvi, na kwa miezi kumi na minne mji huu ulikuwa bandari isiyo na gati.

Anfinn alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 17 Novemba 1951, na kabla ya mwezi kwisha kampuni ya meli ilimwandikia mjane barua ya rambirambi iliyomtaka pia arudishe funguo, kwa maelezo kwamba inatafuta mwanamume anayefaa. Marehemu alijibu kwamba anaishukuru kampuni kwa rambirambi, kwamba mwanamume huyo akipatikana apakiwe katika meli ya Alhamisi, na kwamba yeye atamshusha kwa mikono yake kama anavyoshusha mizigo mingine. Hakuletwa mtu, uwakala ukabaki kwake, na funguo hizo zilikaa mfukoni mwake kwa miaka ishirini na sita na miezi kumi.

Tarehe 1 Julai 1967 daraja lilifunguliwa, tukapiga tarumbeta, tukala keki, na marehemu akabaki gatini siku hiyo nzima, akaapa kwamba hatalikanyaga wala hatavushwa juu yake akiwa hai au maiti. Hakulichukia daraja, watu wanamsingizia, alisema tu kwamba barabara ni njia ya kuondokea, na hajaona mji uliojengwa na watu waliokuwa wakipita kwa gari. Mwaka uliofuata, tarehe 12 Machi 1968, kampuni ililiomba baraza la mji likubali meli iache kusimama hapa, na madiwani tisa kati ya kumi na watatu walinyoosha mikono kukubali, na mmoja wa hao tisa, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu na koti jipya, alikuwa Eilert Naustvik. Kesho yake shangazi yake alimkuta dukani, akamtazama kuanzia viatu hadi kola, akamwambia mbele ya watu, "Mwanangu, baba yako alikulea kwa mizigo ya gati lile, hata kitanda chako cha utotoni kilikuja na meli. Sasa umekuwa mkubwa, unaona aibu ya kitanda." Kisha akamwekea samaki wawili kwenye kikapu, kwa sababu mke wa Eilert alikuwa ametoka kujifungua, na hakumtajia tena jambo hilo kwa miaka kumi, adhabu ambayo hakuna mahakama ingeweza kuitoa.

Kampuni, kwa kuogopa magazeti, haikuifuta bandari mara moja, ikaweka sharti kwamba meli ikipita mara nne mfululizo bila kupakia wala kupakua mzigo wowote, Skarvsund itaondolewa kwenye ratiba moja kwa moja, nayo ikakaa kungoja. Hapo ndipo marehemu alipotafuta pipa moja la ng'onda, akawa, kila ilipotokea wiki mbili au tatu bila mzigo, analipeleka kwa mdogo wake Alvhild katika bandari inayofuata ya Hestnes, na Alvhild akawa analirudisha, pipa lilelile na samaki walewale, wakifanya safari nyingi kuliko mabaharia wetu wengi. Mwaka 1973 kampuni ilimtuma mkaguzi, akalifungua pipa gatini, akakuta ng'onda kumi na moja wagumu kama mbao, akauliza kwa ukali, "Mama, hawa samaki wanakwenda sokoni lini?" Marehemu akamjibu, "Wanangoja bei ipande, mwanangu. Babu zetu waliwahi kungoja Havana mwaka mzima, wala hawakuwa na haraka kama yako. Au kuna sheria inayosema mzigo lazima uwe na akili?" Sheria hiyo haikuwepo, mkaguzi akaandika kwamba mzigo upo, akanyweshwa kahawa, akaondoka na meli kwa sababu marehemu alimficha ratiba ya basi.

Alvhild alifariki tarehe 20 Mei mwaka huu, na kuanzia mwezi Agosti marehemu mwenyewe alianza kusumbuliwa na figo, akakataa gari la wagonjwa kwa kuwa lingepita darajani, akakubali kwenda hospitali ya mkoa kwa meli siku ya Alhamisi tarehe 14 Septemba, akiwa amebebwa kwenye kiti cha jikoni, na kabla hajapandishwa aliandikisha sanduku lake la nguo kama mzigo ili safari hiyo nayo ihesabiwe. Baada ya hapo meli ilipita tarehe 21 Septemba, ikapita tarehe 28, ikapita tarehe 5 Oktoba, na sisi wote, wana na wajukuu wa watu waliopokea unga ule kwenye mashua, tulisimama madirishani tukaitazama ikipita, na hakuna aliyepeleka gatini hata kreti ya viazi. Haya si maneno ya mtu mwingine kuhusu sisi, tumeyaandika wenyewe, na ni ya kweli.

Eilert alimtembelea Jumamosi tarehe 7 Oktoba, akamkuta amedhoofu sana, na shangazi yake hakuuliza habari za nyumbani wala za hali ya hewa, aliuliza, "Imepita mara ngapi?" Eilert akasema mara tatu. Akamgeukia Jorid aliyekuwa upande wa pili wa kitanda, akamwambia, "Basi daktari asinicheleweshe. Jeneza linaandikwa kwenye mizigo, nimelisoma kwenye kanuni zao, ukurasa wa thelathini na moja." Alifariki Jumatatu tarehe 9 Oktoba 1978, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili na miezi saba, na Jorid akiwa amemshika mkono.

Gari la maiti lilikuwa limeshaandaliwa, nalo lingefika kwa saa mbili, lakini Jorid aliipigia simu kampuni na kuandikisha jeneza, na karani alipomweleza kwamba bandari ya Skarvsund inafungwa wiki hii, alimjibu, "Wiki hii haijaisha." Alhamisi tarehe 12 Oktoba saa nne asubuhi meli ilisimama, Kapteni Hjelle akateremsha bendera nusu mlingoti, winchi ikamshusha shangazi yetu polepole kwenye gati alilolitumikia, na mji mzima ulikuwa pale, hata walemavu na watoto wachanga. Ikabaki hati, ambayo haiwezi kufungwa bila saini ya wakala wa bandari, na wakala ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza. Jorid alimpa kalamu Eilert, naye akatia saini kwenye nafasi ya wakala kwa mkono uleule aliounyoosha barazani miaka kumi iliyopita, na hatoi udhuru wowote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakumchelewesha wala hawakumharakisha, majirani mliopasha nyumba yake moto na kupika kwa siku tano, mabaharia wastaafu mliobeba jeneza, Kapteni Hjelle na watu wake walioko safarini, na tunamshukuru pia yule bwana wa makao makuu aliyeketi benchi la nyuma, ambaye amekuja kwa gari kuhakikisha kama kweli ndani ya mzigo ule kulikuwa na mtu. Bwana, yumo. Baada ya maziko ukaribie ghalani kwa kahawa na ng'onda waliopikwa kwa nyanya na viazi, kisha uende ukaripoti kwamba hesabu yenu imerudi sifuri, na kwamba kuanzia juzi Skarvsund ina wakala mpya, ni huyu anayesoma, ambaye tayari amepokea kwa safari ijayo mashine ya kufulia ya Bi Aslaug inayokwenda kutengenezwa, magunia manne ya sufu, mlango wa mwokaji mikate, na kwa wiki zinazofuata majina kwenye orodha yamefika Pasaka. Mkitaka kuifuta bandari hii, njooni mtufute mmoja mmoja.

Shangazi Oddlaug, lala kwa amani na usituhangaikie tena. Meli inakuja Alhamisi saa nne asubuhi, nasi tutakuwa gatini.