Mkono wa Aliyesafisha Odaka

Niliketi nyuma ya Bibi Shigihara kwenye basi la asubuhi la kwenda Odaka, mji wetu. Alikuwa anarudi kwake mara ya kwanza tangu mtambo wa nyuklia ulipuke na sote tuhamishwe. Alipoona sare ya mwanamume aliyekaa kando yake, aliinama mpaka paji la uso likakaribia kugusa kiti cha mbele.

"Ninyi ndio mliokwangua udongo wenye mionzi uani kwetu. Asante sana, mwanangu."

"Usinishukuru, bibi. Kila nikivaa barakoa natetemeka. Daktari anasema damu yangu ni safi, lakini usingizi sipati. Nikifika nyumbani, binti yangu simbebi."

"Kwani kipimo chako kinasemaje?"

"Mionzi iko chini ya kiwango. Kila siku iko chini."

"Basi mbebe!"

"Kipimo hakina mtoto, bibi."

Mimi niliangalia nje dirishani, kama afanyavyo kila mwenye masikio marefu asiyetaka kuonekana anasikiliza.

"Miaka mitano nimelala kwenye vyumba vya msaada vya waliohamishwa," alisema bibi. "Leo nafungua madirisha yangu mwenyewe, kwa sababu wewe uliogopa na bado ukaenda kazini." Akamshika mkono. Mwanamume akataka kuutoa, kana kwamba mionzi ingemwingia bibi. "Tulia! Mzee kama mimi utanifanya nini?"

Yule bwana akacheka, machozi yakimlengalenga. "Hakuna aliyewahi kunishukuru, bibi. Asante."

"Binti yako utambeba leo?"

"Sijui. Kweli sijui."

Basi likasimama Odaka. Walishuka polepole wameshikana mikono, na sisi wa nyuma tukasubiri. Hakuna aliyesukuma.