Kapteni Akiba na Hesabu ya Watu Wawili

Tunayemlaza leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuguzi wa wodi ya wazazi. Katika nyumba yao ya vyumba viwili, baba alipima kitambaa, kisha akampa mama apime tena kabla mkasi haujagusa. Waliomfahamu marehemu wanajua tabia hiyo ilirithiwa na nani.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, sekondari akakaa bwenini, na mwaka 1976 akaingia chuo cha urubani. Mwalimu wake alilalamika kwamba anatua kama mtu anayeweka mayai mezani. Kwenye hesabu hakulalamikiwa. Uzito wa ndege, joto la siku, upepo, urefu wa njia ya kurukia, na kama njia hiyo imelowa: vyote alivikokotoa hadi apate kasi ya kunyanyua pua. Abiria duniani kote hufunga mikanda bila kujua kwamba hesabu hiyo imefanyika nyuma ya mlango ule wa mbele. Heri wasijue, usingizi wao ni mtamu.

Alianza kurusha ndege za abiria mwaka 1980, akawa kapteni 1989. Wenzake walimwita Akiba, kwa kuwa hakuridhika mpaka hesabu imwachie njia ya ziada mbele. Hata gari aliliegesha mbali na ukuta, majirani wakauliza kama anamwekea mtu wa lori nafasi. Kazini alishika sharti moja: marubani ni wawili, kila mmoja akokotoe peke yake, ndipo wasomeane majibu. Karatasi yake aliifunika kwa kiganja. “Ukinichungulia,” aliwaambia vijana, “tumebaki na rubani mmoja na shahidi wake.”

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mwalimu wa jiografia. Walipotaka kununua kabati, kila mmoja aliupima mlango kwa siri, na majibu yakapishana. Kumbe kapteni alishika futi kamba kichwa chini. “Leo rubani mkuu ni mimi,” mkewe akasema, na kabati likapita. Mdogo wake mwalimu huyo, wa kiume, aliishi nao. Marehemu alimfundisha hesabu hizi kwenye meza ya chakula, jioni baada ya jioni, hadi naye akapata leseni na kuwa rubani msaidizi wake.

Tarehe 3 Machi 2004 walikuwa pamoja. Mizigo iliongezwa dakika za mwisho, na marehemu akakokotoa kwa uzito wa awali. Kosa hilo lilikuwa lake. Alilikiri siku hiyohiyo na hakulikana hadi kufa. Lakini shemeji yake aliusikia uzito mpya, na hakukokotoa. Alichungulia, akasoma namba ileile, akasema, “Zimelingana.” Ndege ilinyanyuka kwa shida, mkia ukakwaruza njia. Wakiwa angani kijana alisema, “Shemeji, nisamehe. Nilisoma ya kwako.” Walizunguka kwa zaidi ya saa moja kuchoma mafuta ili ndege ipungue uzito, wakatua salama. Hakuna aliyeumia. Kinasa sauti cha wakati ule kilihifadhi nusu saa ya mwisho tu. Yaliyosemwa kabla yalikuwa yamefutika.

Mbele ya tume ya uchunguzi, shemeji alisema alipata namba tofauti, akamtahadharisha kapteni, na kapteni akampuuza. Marehemu alinyang'anywa leseni. Mwenzake, baada ya muda, akapewa kiti chake. Tangu hapo marehemu alifundisha hisabati sekondari, na kila mzazi aliyemkaribisha kahawa alikuwa amesikia kwamba huyu ndiye kapteni asiyesikia la mtu.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa. Alipolazwa mara ya mwisho, shemeji alikuja wodini na mfuko wa machungwa.

“Shemeji, waambie hukukokotoa,” mgonjwa alisema. “Langu nimeshalisema. Bado lako.”

“Pumzika, shemeji. Hayo yamepita.”

“Kwako.”

Kwenye korido shemeji alimwambia dada yake, “Dada, nikisema, leseni yangu imekwenda. Wanangu watakula nini?”

“Ya mume wangu ilipokwenda,” dada akajibu, “watoto wangu hawakuwa na midomo?”

Mdogo wake alisema ana safari ya mchana, akaondoka. Marehemu alimsubiri wiki ile, na zilizofuata, akiuliza kila mlango ulipofunguliwa kama ni yeye. Alifariki tarehe 17 Juni 2023, asubuhi, mkewe akiwa ameshika mkono wake.

Ameacha mjane, binti na mwana, wajukuu watatu, dada wawili, na shemeji mmoja. Ndugu kadhaa walitaka shemeji huyo aondolewe kwenye ratiba. Mjane amekataa. Kila neno la wasifu huu amelipitisha yeye, na mdogo wake huyohuyo ndiye atakayesema kwa niaba ya ukoo wao, sasa hivi, mbele ya jeneza.

Kapteni alale salama. Sisi tunasikiliza.