Mzee Machage na Nyumba Zinazopikiwa za Nyakirango

Ko, ko, ko. Kimya kidogo. Halafu, bu.

Hiyo ndiyo sauti ya kwanza niliyoisikia asubuhi niliyoripoti kazini Nyakirango, na tangu siku hiyo haijanitoka. Nilikuwa nimesimama nje na begi langu, nikidhani kuna fundi anapigilia misumari. Kumbe ni Mzee Clementi Machage, yumo ndani, ameinamia ukuta na kuugonga kwa kifundo cha kidole cha kati, sikio limesogezwa karibu kama la mganga anayesikiliza kifua cha mtoto. Lipu iliyoshikamana na jiwe hujibu ko. Iliyoachia hujibu bu, kama kibuyu kitupu. Akanitazama, akanipa kipande cha chaki. "Karibu, mwanangu. Hapo penye bu, chora duara." Begi bado lilikuwa begani.

Mzee Machage anastaafu tarehe 30 Juni 2025, akiwa ametumikia umma kwa miaka ishirini na tisa. Ishirini na minne kati ya hiyo ameitumia hapa kijijini, akiwa Msimamizi wa Urithi. Kwa wageni waliotoka Musoma na Bunda kuja kumuaga leo, na ambao pengine wanashangaa urithi gani unahitaji msimamizi kwa muda wote huo, naomba nianze na kijiji chenyewe.

Nyakirango ilikuwa mgodi wa dhahabu. Wenye mgodi walipoondoka, waliacha bomba refu la moshi, jengo la kusagia mawe, nyumba ya meneja juu ya kilima, na nyumba kumi na mbili za mawe zilizoshikana ukuta kwa ukuta, walimokaa wafanyakazi. Nyumba hizo kila mtu huku huziita Laini. Dhahabu ilikwisha, watu hawakuondoka. Waliingiza ng'ombe, wakalima, wakaoza mabinti, wakazika wazee wao. Kazi ya Mzee ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu akiitazama Nyakirango leo anauona mgodi, na anawaona pia hao waliobaki.

Mwenyewe ni mtoto wa wavuvi wa Majita. Alisomea ufundi sanifu wa majengo, akaajiriwa mwaka 1996, na kwa miaka mitano ya kwanza alikaa ofisini Musoma akichora madarasa na vyoo. Hujigamba kwamba hakuna mtu mkoani Mara aliyechora vyoo vingi kumzidi. Mwaka 2001 alitumwa Nyakirango kwa miezi mitatu, aorodheshe majengo ya zamani, kisha arudi. Mkewe, Mama Abraham, mwenye duka pale Mwisenge, Musoma, amekuwa akimkumbusha kila Jumamosi anaporudi nyumbani kwamba ile miezi mitatu bado haijaisha.

Alianza vibaya, na yeye ndiye hupenda kusimulia. Mgodi ulipofungwa, wanakijiji walizing'oa reli za vigari vya mawe wakazisimika kuwa nguzo za mazizi. Mzee, kijana bado na mwenye ari, aliona huo ni uharibifu wa historia. Alikodi lori, akapita zizi kwa zizi na karatasi yenye mhuri, akazikusanya reli zote ili azirudishe chini zilipokuwa zimelazwa zamani. Wenye mazizi walimwangalia tu. Kulipopambazuka, ng'ombe wa Laini nzima walikuwa katikati ya mahindi.

Wa kwanza kufika mlangoni kwake alikuwa Bibi Rhobi wa Namba Tano, mjane ambaye marehemu mumewe alikuwa mlipuaji wa mawe mgodini.

"Wewe kijana wa Majita! Toka nje! Historia yako imekula shamba langu!"

Wazee walimtoza faini ya mbuzi. Alimnunua, akamchinja mwenyewe, akala pamoja na waliomshtaki, na reli zikarudi mazizini siku hiyo hiyo, naye akishika koleo. Ziko hapo mpaka leo, na jina la Bwana Reli analo mpaka leo. Ila tangu hapo hakugusa kitu cha zamani bila kuuliza kwanza: sasa hivi kinafanya kazi gani, na kwa nani? Mimi nilifundishwa chuoni kuuliza jengo ni la mwaka gani. Swali la Mzee nililikuta huku.

Kisha kuna habari ya Leonardi wa Namba Tisa, ambaye ameniruhusu kuiandika kwa sharti kwamba niseme alikuwa bado hajaoa. Watu walimwona Mzee akigonga kuta, akitega sikio, akichora maduara ya chaki, wakajumlisha mambo yao. Maneno yakaenea kwamba wazungu walificha dhahabu kwenye kuta, na Bwana Reli ametumwa kuisikiliza. Mzee alipochora maduara matatu nyumbani kwa Leonardi na kuahidi kurudi kesho yake na chokaa, Leonardi hakusubiri. Alichukua sururu akaubomoa ukuta wa jikoni penye maduara yote matatu. Akapata udongo, mawe, na popo mmoja mwenye hasira.

Mzee alifika asubuhi akamkuta amekaa kwenye kifusi, kajaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Umepata ngapi?" akamuuliza.

"Mzee, usinicheke."

"Sicheki. Nauliza kama na mimi nina fungu langu."

Sheria ilimruhusu kumshtaki. Badala yake alimwambia Leonardi awaite majirani, naye akasimama mbele ya ukuta uliobomoka akawafundisha wote kugonga. Alieleza kwamba nyumba hizi zilijengwa kwa mawe na udongo, zikapakwa lipu ya chokaa ili ukuta uweze kupumua. Ukiziba kwa saruji, maji hunaswa ndani na ukuta hufumuka. Kwa hiyo pale panapolia bu, panabanduliwa taratibu na kupakwa chokaa upya. Hakuna dhahabu, kuna kazi.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Siku ya Kugonga. Kila mwaka, mvua za masika zikikatika, Laini nzima hugonga kuta zake yenyewe. Watoto hushika chaki. Akina mama hupika ugali na dagaa kwenye masufuria ya harusi. Mwenye ukuta wenye maduara mengi hutaniwa hadi jioni, na Leonardi, ambaye sasa ni fundi wetu mkuu wa chokaa, ndiye mwenye ulimi mkali kuliko wote. Huja pia wasio na ukuta wa kugonga. Sara Wanzagi, anayeuza maandazi njia panda, amepanga chumba kimoja cha bati na mumewe na watoto wao watatu. Babu yake alikuwa akisukuma vigari mgodini. Sijawahi kuiona Siku ya Kugonga bila Sara, mikono imejaa chokaa, akitengeneza nyumba za wenzake.

Niorodheshe mafanikio kama ilivyo desturi? Mashimo ya zamani ya mgodi yamefunikwa kwa mawe na zege, na mbuzi wa mwisho kutumbukia humo amekwisha kuwa hadithi. Mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha sheria ndogo ya kukataza kuchimba dhahabu ndani ya Laini, na waliopiga makofi kwa nguvu zaidi ni wachimbaji wadogo wenyewe. Mabati yote yamerudishiwa rangi yake nyekundu ya zamani. Kampuni moja ilipojitolea kuzipaka nyumba zetu bure rangi ya tangazo lake, Mzee aliwapa chai, akawasifia gari lao, akawasindikiza mpaka barabarani.

Kwa hasira hatumjui, isipokuwa kwa saruji. Huinusa kama paka anavyonusa dagaa. Mtu akiingiza mfuko mmoja kijijini, hata ufichwe chini ya majani ya ng'ombe, Mzee atapita akiimba nyimbo za kwaya, sauti ikitoka nje ya ufunguo, na kusimama hapo hapo ulipofichwa.

Na wageni wa picha! Mwaka juzi walikuja wakaomba nguo zilizoanikwa mbele ya Laini ziondolewe, wapate sura ya kale. Mzee akawauliza kama enzi za mgodi watu walikuwa hawafui. Bibi Rhobi, aliyekuwa akichambua mboga kibarazani, akadakia bila kuinua kichwa: "Mwambie huyo mgeni nguo zangu zilikuwaga hapa kabla yake. Akitaka atazame juu, bomba halina nguo." Picha zilipigwa na nguo zikiwemo. Ni picha nzuri.

Liko jambo moja asilolisimulia kwa kicheko. Nyumba ya Meneja, ile ya kilimani, ilikuwa nzuri kuliko zote. Mwaka 2009 iliamuliwa ifanywe makumbusho. Familia iliyokuwa ikiishi humo ikahamishwa, vitu vikapangwa, kamba ikafungwa mbele ya viti, mlango ukatiwa kufuli. Mzee alikubaliana na uamuzi huo, hata yeye. Lakini nyumba za huku hukaushwa na moto wa jikoni. Moshi hufukuza mchwa na popo, na mwenye kupika ndiye anayeona bati likivuja. Baada ya masika machache tu paa lilianguka juu ya viti vile vilivyozungushiwa kamba. Leo kuna kuta nne na mpapai. Kutoka hapo Mzee alipeleka mkutanoni sheria ndogo ya pili, fupi kuliko zote tulizonazo: nyumba ya Laini isikose mtu wa kupika ndani, na ikibaki wazi, Msimamizi aigawe kwa familia isiyo na nyumba.

Sasa nifike kwenye Namba Nne. Hiyo ndiyo nyumba aliyoishi Mzee mwenyewe miaka yote hii, akipika kwa kuni kila siku ya kazi, vibaya, kama wanavyoshuhudia wote waliowahi kula ugali wake. Mwezi uliopita kamati ya sherehe hii ilikaa kuchagua zawadi, kisha ikatuita wote ukumbini kuisikia. Mwenyekiti wetu, Ndugu Stanslaus Burito, alisimama, machozi yakimlengalenga, akatangaza kwamba Namba Nne itafungwa na kubaki vilevile, na kitanda chake, stuli yake na kofia yake msumarini, iwe kumbukumbu ya Mzee Machage. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Kibao kikaagizwa Bunda.

Mzee alisimama akasema, "Asanteni sana, ndugu zangu." Ni mtu aliyelelewa kutokukataa kinachotolewa kwa moyo. Tulipokuwa tukirudi ofisini, tulipofika kwenye bomba la moshi, akaniambia, "Mwanangu, wananizika na stuli yangu." Akacheka. Tangu hapo hajaligusia tena.

Jioni hiyo Bibi Rhobi, ambaye ukuta wake na wa Namba Nne ni mmoja, alinishika mkono mlangoni. "Wanampenda mpaka wataniangushia nyumba. Nitawaambiaje sasa, na mimi nilipiga kigelegele?"

Nimelibeba swali lake wiki zote hizi. Sijui kama kuna heshima ngumu kuikataa kama ile inayotolewa kwa furaha. Kamati haikukosea kumpenda. Nami najua kwamba Namba Nne ikifungwa, itafuata Namba Tano, kisha Sita, kwa sababu nyumba zilizoshikana huambukizana ugonjwa, na kwamba Mzee atakuwa Mwisenge akiuza sukari dukani kwa mkewe, akisikia habari hizo kutoka kwa wapita njia.

Mzee wetu, asante kwa chaki. Asante kwa mbuzi wa faini, kwa nyimbo zisizo na ufunguo, kwa kutuachia kijiji ambacho wageni hukitazama na wenyeji hukikalia. Msalimie Mama Abraham, umwambie miezi mitatu imekwisha. Ziwa likupe upepo mzuri, magoti yapungue kuuma, na kila nyumba utakayoingia uikute na sufuria jikoni.

Tangu tarehe mosi Juni, Mzee akiwa likizo ya kustaafu, ninakaimu nafasi ya Msimamizi, na Jumatano, Mzee alipomaliza kupakia vitu vyake, ufunguo wa Namba Nne alinikabidhi mimi. Sikuupeleka kwa kamati. Niliupeleka njia panda. Sara Wanzagi, mumewe na watoto wao walihamia jana mchana, chini ya sheria ndogo ya pili, na hati ya kugawiwa nyumba nimeitia saini kwa jina langu. Mwenyekiti Burito nimemweleza leo asubuhi kabla ya sherehe. Hakufurahi, na Jumatatu nitasimama mbele ya kamati kujibu. Nimemwomba jambo moja tu kabla ya hapo: apite Namba Nne na wageni wake baada ya ibada ya shukrani, maana Sara ameshabandika maharage ya watu wote.

Dafroza Mugeta
Kaimu Msimamizi wa Urithi, Nyakirango