Godefroid Onema na Saa za Barabara ya Pangi

Mwenzetu Godefroid Onema aliingia ofisi yetu ya barabara hapa Kindu mwezi wa Oktoba 1931. Tarehe 31 Desemba 1957 anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita na miezi mitatu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupima njia ya Kasongo kwa baiskeli. Alifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu, akawa anahesabu mizunguko, na kila ikifika mia moja alitia haragwe moja mfukoni. Siku ya tatu alilala kwa Mama Françoise, mwenyeji mkarimu sana. Asubuhi akakuta hesabu yake yote imeiva chunguni. Alikula, akashukuru, akarudi Alunguli, ng'ambo ya mto mbele ya Kindu, kuanza upya. Safari ya pili alitumia vijiwe.

Kutokana na safari hizo alitengeneza jedwali ambalo madereva wote wanalijua: kilometa, saa za kiangazi, na saa za masika. Alikuwa akiwangoja madereva kivukoni awaulize walikwama wapi na kwa muda gani. Wengine walimkimbia. Dereva Gérard anakiri kwamba aliwahi kujificha nyuma ya magunia ya mchele.

Lakini Machi 1949 hakuna aliyecheka. Saa saba mchana ilifika telegramu kutoka Pangi: Pélagie, mke wa mwalimu, alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto hatoki. Mkuu wetu wa wakati huo alipima ramani kwa rula, akasema gari la kumleta mama huyo litafika Kindu saa kumi. Daktari wa hospitali, aliyekuwa ameitwa ofisini, angoje hapa. Onema alisimama, jambo ambalo makarani hawakulizoea, akasema:

"Bwana mukubwa, kwa ramani njo safari ya saa tatu. Lakini kule mvua imenyesha siku mbili. Gari itachukua saa nane. Kivuko kitakuwa kimefungwa, na mama atabaki Alunguli anatazama taa za hospitali."

"Sasa unataka nini?" mkuu akauliza kwa hasira.

"Daktari aondoke sasa hivi, na gari ya Pangi iondoke sasa hivi. Wakutane Kalima, katikati ya njia, saa kumi na moja na nusu."

Daktari hakungoja mkuu ajibu. Alichukua mkoba wake, Gérard akawasha gari, na telegramu ikapelekwa Pangi. Onema alibaki mezani bila kugusa chakula, kwa sababu, alivyoniambia baadaye, kama angekosea saa moja tu, angekuwa amemwua mtu.

Gari la Pangi lilifika Kalima saa kumi na moja na dakika ishirini. Daktari alifika dakika kumi na tano baadaye. Pélagie alipona, na binti aliyezaliwa safari ile sasa anasoma kwa masista.

Barua ya shukrani iliandikwa kwa mkuu wa ofisi. Jina la Onema halikuwemo. Hakulalamika hata siku moja, lakini sisi wenzake hatukusahau, na leo tunaliandika hapa ili lisomwe mbele ya watu: aliyehesabu saa zile ni Godefroid Onema.

Baba Godefroid, asante sana. Wewe na Mama Hadidja muishi salama katika nyumba yenu mpya ya Mikelenge, na Mungu awape miaka mingi ambayo hakuna atakayekuomba uihesabu.

Anaclet Kabeya, karani mwenzake